Jinsi Asasi Ndogo Inavyoweza Kujaribu Wazo Jipya kwa Wiki 12: Mwongozo Kamili

Asasi nyingi ndogo zinazoniuliza kuhusu ubunifu zimekwama mahali pamoja. Wamehudhuria semina, wamebandika karatasi za rangi ukutani, wamerudi ofisini na mawazo arobaini. Miezi sita baadaye hakuna hata moja lililomfikia mnufaika. Kilichobaki ni andiko la mradi la kurasa 30 linaloomba mamilioni kwa ajili ya programu ya simu, na wafadhili watatu wameshalikataa.

Mawazo wanayo tele. Wanachokosa ni njia ya kulichukua wazo moja, kulijaribu kwa fedha kidogo na muda mfupi, kisha kulipima bila kujidanganya. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja tu.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Asasi ina wafanyakazi saba katika mji mdogo, inafundisha ushonaji wasichana waliopata watoto wakiwa bado shuleni. Ina vituo viwili. Kila awamu wasichana 24 huanza katika kila kituo, na mwezi wa tatu ukiisha wamebaki kama nusu. Namba zote za mfano huu ni za kuonyeshea njia, weka zako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mtu mmoja mwenye jaribio. Kamati haifai hapa. Awe na siku moja kamili kwa wiki iliyoondolewa kazi nyingine, na siku hiyo iandikwe.
- Watu watatu wa kumsaidia: mfanyakazi anayeshinda na wanufaika, mhasibu, na mnufaika mmoja wa sasa au wa zamani. Mhasibu husahauliwa mara nyingi, halafu ndiye anayekuja kuzuia malipo wiki ya sita kwa sababu hakuna aliyemweleza kitu.
- Wiki 12 kwenye kalenda. Hesabu kurudi nyuma kutoka wakati tatizo linapotokea. Kama wasichana huacha kati ya wiki ya tano na ya kumi ya mafunzo, jaribio lako lazima liangukie hapo.
- Fedha kidogo zenye ruhusa. Kwa mfano wetu, shilingi 700,000 za Tanzania. Zinapotoka nitaeleza katika hatua ya tano.
- Kaunta buku moja. Kila kinachohusu jaribio kinaandikwa humo, kwa tarehe.
- Daftari za mahudhurio za awamu mbili zilizopita. Kama huna, usianze jaribio. Tumia miezi mitatu kuweka mahudhurio sawasawa, ndipo urudi kwenye mwongozo huu.

Huhitaji mshauri, kompyuta mpya, fulana zenye nembo wala uzinduzi. Uzinduzi hasa uogope: ukishamwalika mkuu wa wilaya kukata utepe, jaribio haliwezi tena kushindwa hata kama limeshindwa.

## Hatua ya 1 (wiki ya 1): Andika tatizo kwa sentensi moja yenye namba

Sentensi iseme ni nani, wapi, kinatokea nini na kwa kiasi gani. Kwa asasi yetu: "Katika Kituo A, kati ya wasichana 21 wanaofika wiki ya nne ya mafunzo, wanane huacha kabla ya wiki ya kumi kwisha."

Namba inahitajika kwa sababu wiki ya 12 utarudi kuhesabu kitu kilekile, kwa daftari lilelile. Tatizo lisilohesabika leo halitahesabika siku hiyo.

Chunga neno "ukosefu". Ukiandika "tatizo ni ukosefu wa mafunzo ya stadi za maisha", umeshaamua dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Ndugu zake ni "uelewa mdogo" na "mwamko duni". Nimesoma maandiko ya miradi ambamo kijiji kizima hakina mwamko, na kijiji hichohicho huamka saa kumi alfajiri kwenda kuteka maji. Ukikutana na maneno hayo katika sentensi yako, yafute uandike kinachoonekana kwa macho.

Hatua imekamilika pale unapowapa sentensi wafanyakazi wawili, kila mmoja kivyake, na wote wakakueleza jambo moja. Wakitofautiana, andika upya.

## Hatua ya 2 (wiki ya 2 na 3): Waendee walioacha

Asasi hupenda kuwauliza waliobaki, kwa kuwa ndio walio karibu. Waliobaki watakusifia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa programu yako wanajulikana na wale walioinuka wakaondoka.

Tafuta watu 10 hadi 12 walioacha katika awamu mbili zilizopita. Nenda kwao, usiwaite ofisini. Mjulishe kwanza mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji kwamba utapita, lakini usimwachie akuchagulie wa kuongea nao. Atakupangia wale wenye maneno mazuri. Majina yatoke kwenye daftari lako.

Uliza kuhusu siku, usiulize maoni. "Kwa nini uliacha?" huleta jibu la heshima: "nilikuwa na matatizo ya kifamilia." Jaribu hivi:

1. Nieleze siku ya mwisho uliyokuja kituoni. Uliamka saa ngapi? Mtoto ulimwacha na nani?
2. Kesho yake nini kilitokea?
3. Kuna siku kabla ya hapo uliwahi kutaka kuacha ukaghairi? Nini kilikurudisha?
4. Nani mwingine nyumbani alikuwa na usemi juu ya wewe kuja?

Swali la nne usiliruke. Mara nyingi anayeamua hayumo katika orodha yako ya wanufaika: ni bibi, mume, au kaka anayelipa kodi ya chumba.

Angalia pia nani anauliza. Mwalimu wa ushonaji akienda mwenyewe, hakuna atakayemwambia kwamba alikuwa mkali. Mtume mtu mwingine, ikiwezekana yule mnufaika aliye kwenye timu. Usilipe posho ya mahojiano; sabuni au kilo ya sukari ya kubisha hodi inatosha, na itolewe mwishoni, si mwanzoni.

Kuhusu taarifa za watu. Omba ridhaa, na katika kaunta buku tumia namba badala ya majina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinazihusu asasi pia. Picha ya msichana na mtoto wake kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, bila ridhaa yake, tayari ni kosa.

Katika mfano wetu majibu yalikuwa hivi: kati ya 12, saba waliacha mtoto alipokosa wa kumshika, wengi wao baada ya bibi kwenda shamba msimu ulipoanza. Watatu walishindwa nauli. Wawili walihama. Hakuna aliyesema ushonaji ulimchosha, ingawa ofisini wote waliamini hivyo.

Kama hujasikia hata jambo moja lililokushangaza, maswali yako yalikuwa ya kuthibitisha ulichokuwa unaamini. Rudi ukaulize upya.

## Hatua ya 3 (wiki ya 4, siku mbili za mwanzo): Mawazo matatu, moja libaki

Kaa na timu kwa saa mbili, mtoke na mawazo matatu. Arobaini ni mengi mno. Mtabishana hadi jioni na mwishowe litashinda la mkurugenzi.

Asasi yetu ilitoka na haya: chumba cha kulelea watoto kituoni wakati wa mafunzo, kuhamishia mafunzo jioni (kaka na dada wakubwa wakiwa wamerudi kutoka shule, wamshike mtoto), na nauli kwa wanaotoka mbali.

Sasa ulizeni: lipi tunaweza kujua kuwa ni kosa haraka zaidi na kwa bei ndogo zaidi? Wazo la jioni halina gharama yoyote, kwa hiyo waliwauliza wasichana watano siku hiyohiyo. Wote walikataa, kwa sababu ya giza la njiani. Wazo limekufa kwa nusu saa na bila shilingi moja, na hayo ni matumizi mazuri ya nusu saa. Nauli iliwagusa watu watatu, malezi saba. Chumba cha watoto kikabaki.

### Kuazima kunaruhusiwa

Wazo jipya kwenu si lazima liwe jipya duniani. Kisanduku cha akiba chenye kufuli tatu na washika funguo watatu, ambacho leo utakikuta vijijini kote Afrika Mashariki, kilitokana na vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Waliokileta huku hawakubuni kisanduku. Walichojifunza ni namna ya kukifanya kikubalike kwa watu wao.

Kuna mfano mwingine unaofaa kukaa nao kidogo. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na asasi za hapo walikuta dawa ya klorini ya kutibu maji inauzwa dukani kwa chupa, bei ndogo, matangazo yapo, na bado kaya chache tu zinaitumia. Mtu wa "mwamko duni" angeandaa semina. Wao walihamisha mahali pa dawa: wakaweka tangi la klorini kwenye chemchemi yenyewe, bure, lenye valvu inayotoa kipimo cha dumu moja la lita 20, na mtu wa kijijini wa kulijaza na kuwakumbusha wenzake. Mama anaweka dawa palepale anapoteka, majirani wakimwona, na dawa inachanganyika akiwa njiani kurudi nyumbani. Matumizi yalipanda sana, na mpango ukavuka hadi Uganda na Malawi. Dawa ni ileile ya dukani. Ukikwama katika hatua hii, jiulize kama kitu chako kinahitaji kubadilishwa, au kinahitaji tu kuhamishwa mahali, saa, au mkono unaokitoa.

## Hatua ya 4 (wiki ya 4, siku zilizobaki): Andika dau kabla ya kucheza

Hapa ndipo asasi nyingi huanguka, nami nakuomba usome mara mbili. Kabla ya kuanza, andika ukurasa mmoja wenye mistari mitano:

- Tutakachofanya: Chumba cha watoto Kituo A, siku tano kwa wiki, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, walezi wawili, wiki sita.
- Tunachotarajia: Kati ya wasichana 21 waliopo leo, angalau 18 watakuwepo mwisho wa wiki ya kumi ya mafunzo.
- Tutaacha kama: Watakaobaki ni 14 au pungufu.
- Tutarekebisha na kurudia kama: Watakuwa 15 hadi 17.
- Tutalinganisha na: Kituo B, ambacho hakibadilishi kitu, na awamu mbili zilizopita za Kituo A, ambako walibaki 13.

Wote wa timu watie saini na tarehe. Mkurugenzi naye.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu wiki ya 12 mtakuwa mmeupenda mradi wenu. Wakibaki 14 mtasema "lakini wale 14 wana furaha sana", na kila mtu atatikisa kichwa kukubali. Karatasi iliyosainiwa kabla haitikisi kichwa.

Kituo B kina kazi yake pia. Bila kituo cha kulinganisha, mvua zikichelewa na bibi wakabaki nyumbani, utakisifu chumba chako kwa kazi iliyofanywa na mawingu.

## Hatua ya 5 (wiki ya 5): Fedha, ruhusa na usalama

### Bajeti ya mfano

Posho za walezi wawili kwa siku 30, shilingi 8,000 kila mmoja kwa siku: 480,000. Uji wa watoto, 3,000 kwa siku: 90,000. Mikeka, ndoo, vikombe na sabuni: 60,000. Dharura: 70,000. Jumla 700,000.

### Fedha zitoke wapi

Njia iliyo safi kuliko zote ni fedha za asasi yenyewe: ada za wanachama, mauzo ya nguo zinazoshonwa kituoni, mchango wa bodi. Ni kidogo, lakini hazina mwenyewe wa kuzidai maelezo. Tafuta hizo kwanza.

Ya pili ni kumwomba mfadhili uliye naye akuruhusu kuhamisha kiasi kidogo kutoka kifungu kimoja hadi kingine. Watu huogopa kuomba. Wengi hukubaliwa wanapoomba kwa ufupi. Barua inaweza kuwa na mistari hii tu: "Wasichana wanane kati ya 21 huacha mafunzo kati ya wiki ya tano na ya kumi. Tumewahoji 12 walioacha. Saba walikosa wa kumshika mtoto. Tunaomba kuhamisha shilingi 700,000 kutoka kifungu cha semina kwenda jaribio la wiki sita la chumba cha watoto. Tutakuletea matokeo, yawe mazuri au mabaya, ifikapo tarehe fulani." Ambatisha ule ukurasa wa dau.

Onyo kubwa. Usiguse fedha za kifungu kingine kwa ruhusa ya mdomo. "Bosi alisema sawa" haimridhishi mkaguzi wa hesabu, na asasi inaweza kupoteza mfadhili kwa fedha ndogo kuliko bei ya pikipiki. Andika dokezo kwa mkurugenzi, arudishe kwa maandishi, mhasibu atoe masurufu, na kila malipo yawe na stakabadhi au fomu iliyosainiwa. Mlezi anayelipwa shilingi 8,000 anasaini kama anavyosaini mtu wa semina ya hotelini.

### Ruhusa za nje

Jaribio la ndani la kuboresha huduma yako ni jambo moja. Utafiti wa kuchapishwa ni jingine. Ukitaka kuufanya utafiti, vibali vipo, kutoka tume za sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, na kamati za maadili kama unagusa afya za watu. Uliza mapema, kwa kuwa vibali havifuati kalenda yako ya wiki 12.

Panapokuwa na watoto usikisie. Vituo vya kulelea watoto mchana Tanzania vina taratibu zake chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mweleze ukubwa na muda wa jaribio, na uandike alichokushauri. Weka kanuni zako pia: walezi wanaojulikana mtaani, mtu mzima mmoja asibaki peke yake na watoto mlango ukiwa umefungwa, na kila mtoto aandikwe anapoingia na anapotoka.

Usianze wiki ya sita bila karatasi tatu mkononi: dau lenye saini, dokezo lililorudi limekubaliwa, na maandishi ya ushauri wa halmashauri.

## Hatua ya 6 (wiki ya 6 hadi ya 11): Endesha, andika, usiongeze chumvi

Kazi ya kila siku ni rahisi: mahudhurio ya wasichana vituo vyote viwili, idadi ya watoto, fedha iliyotoka, na tukio lolote lisilo la kawaida. Dakika kumi za kuandika jioni.

Kila Ijumaa timu ikutane kwa dakika 20, ikiwezekana mkiwa mmesimama ili pasije mtu na hotuba. Maswali ni matatu: nani hakuja na kwa nini, nini kimetushangaza, tubadilishe kitu gani kimoja. Kimoja tu. Mkibadilisha saa, uji na walezi wiki moja, hamtajua kipi kimesaidia. Kila mabadiliko yaandikwe na tarehe yake.

Usitoe posho ya mahudhurio kwa wasichana wakati wa jaribio. Ukiwalipa wabaki, watabaki, nawe utakuwa umepima posho.

### Mfanyakazi asiyeamini

Hili halimo katika semina, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Jaribio hufa mikononi mwa mfanyakazi ambaye moyoni anaona ni upuuzi, naye hatasema.

BRAC, asasi ya Bangladesh iliyoanzishwa mwaka 1972, iligongana na jambo hili. Ilikuwa inawafundisha akina mama nyumba kwa nyumba kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa mtoto anayeharisha: chumvi ya kudonoa kwa vidole vitatu, guru ya konzi, na maji ya kipimo. Mama walikariri vizuri. Wakaguzi waliporudi, wakakuta wanaoyatumia kweli ni wachache. Walipochimba wakagundua kwamba wafanyakazi wao wenyewe, wakiharisha, walimeza vidonge. Wasingeweza kuuza wasichokitumia. Wafanyakazi wakapelekwa Dhaka, kwenye maabara, wakaelezwa na kuonyeshwa yale maji yanavyofanya kazi mwilini. Wakagundua pia kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje, wakaanza kuzungumza nao misikitini na sokoni. Na malipo ya mwalimu yakafungwa na kile ambacho mama alikumbuka, baada ya mkaguzi mwingine kupita kumuuliza. Mpango huo ulienda kuanzia mwaka 1980 hadi 1990 na kufikia kaya zaidi ya milioni 12.

Kwa hiyo katika wiki ya pili ya jaribio, mwite mwalimu wa ushonaji pembeni, mnywe chai. Muulize: "Dada, kama ungekuwa na mtoto mdogo, ungemwacha humu?" Akisita, hapo una kazi ya kufanya kabla ya kitu kingine. Huenda ameona sakafu ina baridi, au mmoja wa walezi ana hasira za karibu. Kusita kwake ni taarifa. Kuandike katika kaunta buku.

Wiki ya 11 daftari lisiwe na siku iliyorukwa, na mabadiliko yasizidi matatu au manne, kila moja likiwa na tarehe.

## Hatua ya 7 (wiki ya 12): Hesabu, kisha amua siku hiyohiyo

Fungua ukurasa wa dau na daftari. Hesabu watu, usihesabu asilimia. Kwa watu 21, msichana mmoja ni karibu asilimia tano; ukiandika "mahudhurio yameongezeka kwa asilimia 38", msomaji atadhani mmepima mkoa. Andika "wamebaki 18 kati ya 21, awamu zilizopita walibaki 13, Kituo B mwaka huu wamebaki 14." Hivyo tu, bila kupaka rangi. Jaribio la watu wachache halithibitishi kitu kwa nchi nzima. Linakwambia kama inafaa kuweka fedha zaidi na muda zaidi.

Majibu ni matatu.

Endelea. Rudia awamu ijayo vituo vyote viwili kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba "mmevumbua".

Rekebisha. Pengine kitu kinafaa, ila mmekielekeza pasipo pake au kwa upande mmoja tu. APOPO, asasi iliyoanzishwa mwaka 1997 na yenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ilianza kwa kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Pua ileile ikafundishwa kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Hawakumwachia panya neno la mwisho: sampuli anayoashiria kuwa na ugonjwa hurudi maabara kuthibitishwa kabla mgonjwa hajaambiwa. Kipengele hicho cha kuthibitisha ndicho kinachofanya hospitali zikubali kushirikiana nao.

Acha. Neno gumu. Mwaka 2019 asasi ya Evidence Action iliufunga mpango wake wa Bangladesh uitwao No Lean Season, uliokopesha wakulima maskini nauli ya kwenda kutafuta vibarua msimu wa njaa. Majaribio ya mwanzo yalikuwa mazuri. Ulipopanuliwa, vipimo vikaonyesha hauleti kilichotarajiwa, nao wakaufunga na kutangaza sababu hadharani. Asasi yenye jina na wafadhili imeweza. Yenye wafanyakazi saba na shilingi 700,000 inaweza pia.

Mkiacha, warudieni wasichana na walezi muwaambie wenyewe, kabla chumba hakijafungwa. Kufunga kimyakimya huwafanya watu wasije jaribio lijalo.

## Hatua ya 8: Liingize katika utaratibu kabla mwenyewe hajaondoka

Jaribio lililofanikiwa hufa kwa njia moja ya kawaida: mratibu anapata kazi shirika kubwa, anaondoka na kila kitu kikiwa kichwani mwake. Ndani ya mwezi mmoja baada ya kuamua "endelea", fanya haya:

1. Andika kurasa mbili za namna ya kuendesha, kwa lugha ambayo mlezi mpya ataisoma na kuelewa. Mpe asome, umwone akifanya.
2. Ongeza kazi hiyo katika maelezo ya kazi ya mtu fulani, si ya "timu".
3. Weka gharama yake katika bajeti ya mwaka na katika kila andiko jipya, pamoja na matokeo ya jaribio.
4. Tenga kifungu cha kudumu cha majaribio, hata kama ni 500,000 kwa mwaka, kipitishwe na bodi kwa muhtasari wa kikao.
5. Ajenda ya bodi iwe na mstari mmoja kila robo mwaka: "Tumejaribu nini, tumeacha nini."

Utajua jambo limeingia siku ambayo mwenye jaribio anaenda likizo na chumba kinafunguliwa saa 3 asubuhi kama kawaida.

## Ukikwama

Mkurugenzi hataki. Usimpe wazo, mpe sentensi ya hatua ya 1 na majibu ya hatua ya 2. Wakurugenzi wengi hukataa mawazo ya vijana wao. Wachache hukataa namba zilizotoka kwenye daftari la asasi yao wenyewe.

Walioacha hawapatikani. Simu zimebadilika, wamehama. Anza na marafiki zao waliobaki. Mmoja akikupeleka kwa mwingine, utafika kumi ndani ya wiki mbili.

Matokeo yameangukia katikati, wamebaki 16. Rekebisha kitu kimoja, kile kilichotajwa mara nyingi zaidi siku za Ijumaa, na urudie awamu ijayo. Mara moja tu. Ya pili ikiangukia katikati tena, hesabu kuwa haikufaa na urudi kwenye wazo la nauli.

Mfadhili anataka mpanue sasa hivi hadi wilaya tano. Mwoneshe ukurasa wa dau na umwombe fedha za awamu ya pili katika vituo viwili. Akisisitiza wilaya tano, ombeni muda wa kujibu, na jibu litoke kwenye bodi kwa maandishi.